Linalong'aa ndilo la kutilia shaka

Jiwe lenyewe lilikuwa limewekwa kando, juu ya ndoo iliyopinduliwa, kama mtu anavyotenga kitu anachokusudia kurudi nacho nyumbani. Mafundi walikuwa wakijenga ukuta wa nyumba ya wageni nyuma ya kijiji cha Paje, pale mchanga unapoishia na maweni yanapoanza, na kila jiwe lililotoka shimoni lilikwenda moja kwa moja ukutani. Hili halikwenda. Mwashi aliyelipasua alikuta ndani mna tumbawe zima, mviringo kama kichwa cha mtoto, na vijia vyake vyote vya kuzungukazunguka vipo. Alipoligeuza juani likametameta, mithili ya sukari iliyomwagika mezani.

"Hili sijengei," alisema. "Hili la kabatini."

Nililitazama kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa na deni. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimeandika, katika makala moja ya utalii, kwamba mwamba wa pwani ya Paje una umri wa "mamilioni ya miaka". Niliandika hivyo kwa kuwa ilisikika vizuri. Mhariri hakuuliza. Wasomaji hawakulalamika, ila mmoja, mzee wa mjini, ambaye aliitafuta namba yangu ya simu mpaka akaipata, na baada ya salamu na kuulizana hali akaniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, hayo mamilioni umeyahesabu wewe au umehesabiwa?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana siku ile nilikuwa Paje, na ndiyo maana nilikuwa naye.

Ameniomba nisilitaje jina lake. "Andika habari za jiwe. Jina langu halimsaidii mtu." Basi nitamwita mzee, kama nilivyomwita siku nzima. Kwa zaidi ya miaka thelathini alifuatana na mashine za kuchimba visima vya maji Unguja. Kuendesha mashine haikuwa kazi yake. Yeye alikaa ubavuni mwa shimo na ndoo, akipokea vumbi na vipande vinavyotoka chini, akiviosha, akivipanga kwa safu juu ya gunia, mita kwa mita, kisha akiandika daftarini: nyeupe laini, nyeupe ngumu, manjano yenye mchanga, udongo wa kijivu unaonata. Hakusomea jiolojia chuoni. "Wahandisi walikuja wakaondoka," anasema. "Mimi nikabaki na vumbi lao."

Darasa lake lilianza ndani ya daladala. Ukitoka mjini kwenda mashariki kuna minazi, miembe, migomba, na udongo mwekundu wa kina ambao wakulima wa Unguja huuita kinongo. Tunguu imepita, msitu wa Jozani umepita, ukishafika Kitogani ardhi imeanza kukonda. Miti inakuwa mifupi, mawe yanachomoza katikati ya majani, na mkulima anayetaka kupanda mtama hutafuta mfuko wa udongo kati ya jiwe na jiwe. Huo ndio uwanda, na penye mawe zaidi ndiyo maweni. "Hawa hawakumsubiri mjiolojia," alisema mzee, akionesha kwa kidevu. "Jembe limewaambia mpaka uko wapi. Mjiolojia alipokuja na ramani yake, mistari mingi ilipita pale pale walipokuwa wakigombania mashamba."

Sasa turudi kwenye jiwe.

Mzee alimwomba fundi ruhusa alichubue kidogo. Alitoa msumari mfukoni, akakwaruza sehemu moja mpaka ikatoa unga, kisha akatoa ndimu. Ndimu ya kawaida, ya kukamulia mchuzi. Tone lilipoangukia ule unga lilianza kutoa vipovu vidogo, na ukitega sikio unasikia mchachatiko kama wa mafuta kwenye kikaango. Maabara wanatumia asidi, mzee anatumia ndimu. Vipovu vikitoka, hapo mna chokaa. Vijana wa ujenzi walicheka, mmoja akasema kumbe hata babu yake aliyekuwa akichoma chokaa kwenye tanu alikuwa mwanasayansi. Mzee hakucheka. "Alikuwa," alijibu.

Kisha akavua kutoka shingoni lenzi ndogo aliyoifunga uzi, anayoivaa kama hirizi, akanipa. Unaisogeza karibu na jicho mpaka inakaribia kugusa kope, halafu unalileta jiwe kwenye lenzi. Mimi nilifanya kinyume, akanirekebisha.

"Unaona nini?"

Niliona vioo. Vipande vidogo vidogo vyenye nyuso bapa, kila kimoja kikiakisi jua upande wake, vimejazana ndani ya kuta za tumbawe mahali ambapo zamani palikuwa na nyumba ya mdudu wa baharini. Pazuri ajabu.

Mzee aliinama kwenye lundo la takataka, akaokota kipande kingine cha tumbawe. Hiki kilikuwa cheupe kilichofifia, chepesi, chenye vitundu, kama mfupa uliokaa juani miaka. Hakuna fundi ambaye angekiweka kabatini. Akakivunja kwa mikono, akanipa nikitazame kwa lenzi. Hakikumetameta. Kilikuwa na nyuzi nyembamba sana zilizopangika, zimefifia kama unga wa muhogo.

"Sasa nisikilize," alisema. "Ukitaka kumuuliza mtu umri, utamuuliza yupi kati ya hawa wawili?"

Nikasema yule anayeng'aa, kwa sababu umbo lake limehifadhika vizuri zaidi.

"Huyo ndiye atakayekudanganya."

Hapo ndipo niliponasa, na hadi leo sijanasuka. Matumbawe yakiwa hai hujenga mifupa yao kwa aina moja ya chokaa iitwayo aragonaiti. Mwamba ukiinuka juu ya bahari, au bahari ikishuka, maji ya mvua huanza kupenya. Mvua ina uchachu kidogo. Polepole inaiyeyusha aragonaiti na kuacha mahali pake aina nyingine ya chokaa, kalsaiti, yenye fuwele kubwa zinazong'aa. Kazi hiyo hufanyika kwa utulivu mkubwa, punje kwa punje, kiasi kwamba vijia vyote vya tumbawe hubaki pale pale. Sura ni ya zamani na mwili ni mpya. Mzee alilieleza kwa namna ambayo sijaisikia kwingine: "Nyumba ya mjini, ya mawe. Kila mwaka unatoa jiwe moja bovu na kutia jipya. Baada ya miaka mia mpita njia atasema hii nyumba ya kina fulani, ya tangu na tangu. Lakini nenda kalitafute jiwe la kwanza."

Na saa ya umri imo ndani ya lile jiwe la kwanza.

Saa yenyewe ni urani. Maji ya bahari yana urani kidogo sana iliyoyeyuka, na tumbawe linapojenga mfupa wake huimeza pamoja na chokaa. Urani hiyo huoza kwa kasi isiyobadilika, na moja ya vitu vinavyozaliwa humo ni thori. Thori, kwa bahati njema, haiyeyuki kwenye maji ya bahari, kwa hiyo tumbawe huanza maisha bila thori, kama kibuyu kitupu kilichowekwa chini ya mti unaotoa utomvu. Kadiri miaka inavyopita, thori inajaa. Ukipima leo iko kiasi gani ukilinganisha na urani iliyobaki, unajua kibuyu kimekaa miaka mingapi. Njia hii husoma mpaka kama miaka laki tano iliyopita, kisha kibuyu kinakuwa kimejaa na hakisemi tena.

Lakini mvua ikishaingia na kubadilisha mwili wa jiwe, urani nyingine inatoka, nyingine inaingia. Kibuyu kimetobolewa na mwenye nyumba hana habari. Ndiyo maana kabla ya kupima, maabara hulipiga jiwe eksirei kutafuta kalsaiti, na likionekana na kalsaiti ya kutosha hutupwa, hata liwe zuri vipi. Na baada ya kupima bado huuliza swali la pili: je, urani iliyokuwemo siku ya kwanza, ukiirudisha nyuma kwa hesabu, inafanana na urani ya bahari? Isipofanana, jiwe limekula kitu njiani na ushahidi wake hausikilizwi.

Nilimuuliza mzee kwa nini wasitumie kaboni, ile ambayo kila mtu ameisikia. Akatikisa kichwa. Kaboni ya mnururisho hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730, na ikifika kama miaka elfu hamsini haijabaki ya kupimwa. Jiwe lililozidi hapo likipelekwa maabara, wapimaji wangepaswa kukuta sifuri. Lakini mvua ile ile iliyoleta kalsaiti imeleta na kaboni mpya. Asilimia moja tu ya kaboni ya leo ikiingia kwenye jiwe ambalo yake imekwisha, kipimo kitasoma kama miaka 37,000. Si kosa la mashine, mashine imesoma ilichokikuta. Katika miaka ya 1960 na 1970 miamba mingi ya pwani duniani ilipewa umri wa miaka elfu thelathini na kitu kwa sababu hiyo, na wataalamu wakajenga juu yake nadharia nzima za bahari kupanda wakati ambao, kwa tunavyojua sasa, ilikuwa chini sana. Ilibidi zibomolewe.

Kwa hiyo jiwe la Paje lina miaka mingapi?

Jibu la karibu zaidi linatoka jirani, kwenye Pango la Kuumbi upande wa Jambiani. Kuumbi wasomaji wengi mnaifahamu kwa mabishano yake: Profesa Felix Chami alichimba pale mwaka 2005 na kusoma ndani ya tabaka zake historia ndefu ya watu, mifugo na biashara, wachunguzi wa mradi wa Sealinks wakachimba tena mwaka 2012, wakapima upya, wakakubali kwamba watu waliishi humo tangu kama miaka elfu ishirini iliyopita lakini wakakataa kuwa kuku na mifugo ni ya kale kiasi kile. Mifupa ya punda milia ilikutwa humo, na punda milia haogelei kutoka bara. Unguja ilikuwa imeungana na bara, bahari ilipokuwa chini kwa zaidi ya mita mia.

Ila mimi nilivutwa na kuta za pango zaidi ya yaliyochimbwa sakafuni. Mwaka 2015 Nikos Kourampas na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa pango lenyewe na wa ngazi za mwamba zinazopanda kutoka pwani ya mashariki kuelekea ndani ya kisiwa. Waliona mafungu mawili ya mawe ya matumbawe, moja juu ya jingine, kila moja likiwa limejengwa wakati bahari ilipojaa kuliko kawaida. Wakayaweka, kwa tahadhari waliyoiandika wenyewe, kwenye vipindi viwili vya joto vya dunia: kimoja cha zaidi ya miaka laki mbili iliyopita, kingine cha kama laki moja na robo. Hicho cha pili ndicho kinachojulikana zaidi. Kati ya miaka 129,000 na 116,000 iliyopita barafu za dunia zilikuwa zimepungua kuliko leo na bahari ilisimama mita sita hadi tisa juu ya ilipo sasa. Kenya nako, wachunguzi waliopima urani kwenye makombe makubwa ya Tridacna yaliyonasa ndani ya mwamba wa pwani, na kuchapisha kazi yao mwaka 2010, wanazungumzia zama hizo. Ingawa hapo napo pana neno: kombe, tofauti na tumbawe, huchukua sehemu kubwa ya urani yake baada ya kufa, kwa hiyo wapo wasioliamini sana.

Laki moja na robo. Nilipolitamka mbele ya mzee alinitazama kama mwalimu wa chuo anayemtazama mtoto aliyepatia aya kwa kubahatisha.

"Umesema umri wa ngazi ya Kuumbi," alisema. "Jiwe la fundi huyu hujalipima."

Ni kweli. Kuhamisha umri kutoka jiwe moja hadi jingine ni kazi yenye masharti: uthibitishe kwamba ni tabaka moja, linaloendelea bila kukatika, kwa urefu unaolingana kutoka usawa wa bahari. Na urefu wenyewe una fitina yake. Kourampas na wenzake wanakadiria kwamba sehemu hii ya kisiwa inainuka kwa milimita 0.10 hadi 0.20 kwa mwaka. Ni unene wa karatasi moja au mbili. Zidisha kwa miaka 125,000 uone: mita kumi na mbili na nusu hadi ishirini na tano. Sasa ukisimama mbele ya ukingo wa matumbawe nyuma ya Paje, sehemu gani ya urefu ule imeletwa na bahari iliyopanda, na ipi na ardhi iliyoinuka? Ukibadilisha umri, kasi ya kuinuka inabadilika. Ukibadilisha kasi, umri unaweza kuhama kutoka kipindi kimoja cha joto hadi kingine. Kila hesabu inaegemea nyenzake. Nilimuuliza mzee kisiwa kinachoinuka kinawezaje kuliwa na bahari kama tunavyoona fukwe zetu zikiliwa. Alisema karatasi moja kwa mwaka haishindani na wimbi la kusi, kisha akanyamaza.

Limebaki suala la jina la mwamba huu, na hapa mzee alikuwa na hasira kidogo.

Katika ripoti za maji alizozifanyia kazi maisha yake yote, mawe ya Unguja ni herufi na namba. M ni ya Miosini, zama za zamani zaidi ambazo kweli zinahesabiwa kwa mamilioni. Q ni ya Kuatenari, zama hizi za mwisho. M1, M2, M3, halafu Q na ndugu zake. Msingi wa kazi hii uliwekwa na G. M. Stockley, Mwingereza aliyechapisha ripoti ya jiolojia ya Zanzibar mwaka 1928, mwaka mmoja baada ya kitabu cha visukuku vya visiwa hivi. Mtu huyu alipenda herufi. Alipokwenda baadaye kwenye bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanganyika, alizipanga tabaka zake K1 mpaka K8. Lakini kule herufi hazikudumu peke yake. K6, iliyojaa mifupa ya wanyama wa kale, ikaja kuitwa Kawinga, na leo inaitwa Usili. Imepata jina, ikabadilishiwa jina, na kila badiliko lina sababu iliyoandikwa.

Pwani ya Kilwa imepata zaidi. Tangu mwaka 2002 wanasayansi wakiongozwa na Paul Pearson wa Chuo Kikuu cha Cardiff, pamoja na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, walitoboa ardhi ya Kilwa na Lindi na kutoa nguzo za udongo wa bahari ya kale. Mwaka 2006 wakazipa tabaka za pwani ile jina la Kundi la Kilwa, lenye fomesheni nne, yaani mabunda manne ya tabaka, kutoka chini kwenda juu: Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande. Nangurukuru! Njia panda ya Kilwa, ambapo msafiri wa basi la Lindi hushuka kunyoosha miguu, sasa ni jina ambalo maprofesa wa Ulaya wanajifunza kulitamka. Na hawakuishia hapo. Mwaka 2015 likatangazwa bunda jingine chini ya hayo, Fomesheni ya Lindi.

Saa iliyotumika kule si urani. Ni foraminifera, viumbe vya baharini vidogo kama punje ya mchanga, ambavyo maganda yao hubadilika aina kadiri mamilioni ya miaka yanavyokwenda. Aina fulani ikitokea au ikitoweka, unajua uko wapi. Mmoja wa viumbe hao, wa zama za Eosini, ameitwa Hantkenina singanoae, kwa heshima ya Joyce Singano, mtaalamu Mtanzania wa visukuku vidogo ambaye alikuwa sehemu ya kazi ile. Kwa Paje saa hiyo ni butu. Miaka laki moja ni michache mno kwa foraminifera kubadili sura. Matumbawe yaliyomo ukutani mwa nyumba ya wageni ni jamaa wa karibu wa yale yaliyo hai nje ya mwamba leo.

Nilimuuliza mzee fomesheni husajiliwaje. Akaniambia ni kama hati ya shamba. Hati haisemi tu "shamba la fulani". Inasema kibla linapakana na nani, kusini na nani, linaanzia mwembe upi na kuishia mnazi upi. Fomesheni nayo lazima ioneshwe pale inapoonekana vizuri, ipimwe unene, itajwe imelala juu ya nini na imefunikwa na nini, iwe na tofauti ambayo mtu mwingine akija na ramani ataitambua, kisha ichapishwe. Jina hutokana na mahali hapo. Halipewi kijiji kikubwa wala chenye hoteli nyingi. Likishachapishwa kwa taratibu, aliyetangulia ametangulia.

"Kwa hiyo watu wa Bwejuu na Jambiani wasigombanie jina hilo na wa Paje?"

"Wagombane," alisema, "lakini wagombane wakiwa na ukuta wa jiwe unaosomeka. Shida yetu ni chini. Juu unaona. Nani amekuonesha limelala juu ya nini?"

Miaka ya 1950 makampuni ya mafuta, BP na Shell, yalitoboa kisima Unguja kwa zaidi ya mita 4,000 na kwa kina chote hicho bado walikuwa ndani ya mashapo. Hao walikuwa wakitafuta mafuta; mita chache za juu, ambazo ndizo Paje, kwao zilikuwa kifuniko cha sufuria. Na hata tukijua kila kitu, kalenda yenyewe huhamishwa. Mwaka 2009 wakuu wa jiolojia duniani waliusogeza mwanzo wa Pleistosini kutoka miaka milioni 1.8 hadi milioni 2.58. Mawe ya kati ya hapo yalilala yakiwa Pliosini, yakaamka Pleistosini, na hakuna hata moja lililojigeuza. Mzee alilicheka sana hilo.

Kisichomchekesha ni visima vya leo. Kutoka pale tuliposimama aliweza kunihesabia kwa vidole majengo ambayo anajua yamechimbiwa kisima au shimo la maji machafu, kila moja likiwa limepasua matumbawe mita kwa mita. Vumbi la kila shimo lilimwagwa barabarani kufukia madimbwi. Kila moja lilikuwa jibu la swali lake: jiwe jeupe la juu linaishia mita ya ngapi, na chini yake mna nini, tumbawe jingine au mchanga wa manjano? Hakuna aliyefanya kosa. Hakuna aliyeombwa kuliweka vumbi. "Kitabu kinachapwa mara moja tu," alisema, "na sisi tunafungia karanga."

Basi nasahihisha. Niliandika kwamba mwamba wa pwani ya Paje una mamilioni ya miaka. Nafuta. Kwa ushahidi uliopo wa majirani zake, jiwe la juu linaelekea kuwa la miaka laki moja na robo au zaidi ya laki mbili, na jiwe la Paje lenyewe linalosubiri kupimwa liwe lile lililofifia, si la kabatini. Fundi nilimweleza hivyo. Alisikiliza kwa adabu, akalifuta vumbi lile linalong'aa, akaliweka kwenye mfuko wake.

Na kwa wewe unayechimba kisima mwaka huu Paje, Bwejuu, Jambiani au Makunduchi: kila mita moja, weka konzi ya vumbi kwenye mfuko wa plastiki, andika kina kwa kalamu isiyofutika, funga. Andika na tarehe na jina la kiwanja. Usioshe, usichague mazuri. Niletee kwa kupitia gazeti hili. Mzee amesema akisikia mifuko ipo, atakuja na gunia lake mwenyewe.